Msumari wa Pete

Kabla sijafungua mashine ya mtu
naufungua mkono wangu kwanza:
pete, saa, bangili mbili za arusi,
zote naziangika kwenye msumari
juu ya meza, kando ya kalenda ya duka la rangi.
Kisha nachomoa waya ukutani.
Kuzima hakutoshi. Chomoa.
Halafu, mashine ikiwa imekwisha kuchomolewa,
nabonyeza kitufe cha kuwasha, nakishikilia,
pumzi iliyojificha ndani imalizike.

Bondeni habari haihitaji waya.
Muuza leso wa mkabala aliona kidole kitupu,
akamwambia shoga yake, shoga akamwambia jirani,
na Ijumaa, biriani haijapoa,
mavyaa akaniuliza mbele ya watu:
"Ati ukifika kazini waivua pete.
Wamvulia nani?"

Nilicheka. Jibu lake halikutosha kwenye sinia.

Ningeanzia wapi? Kwa Mbwarali,
aliyenifunza kazi, aliyehesabu skrubu
kwa vidole tisa?
Cha kumi alikiacha Shimanzi, ghalani,
kwenye betri za akiba, zile nzito kama matofali.
Spana mkononi, pete ya fedha kidoleni;
spana ikagusa huku, pete ikagusa kule,
umeme ukapata daraja.
Pete iliiva nyekundu kabla hajasema bismillahi.
"Haukunirusha," alizoea kutwambia. "Ulinipika."

Mengine alitufunza kwa kufoka.
Kisanduku cha umeme hakifunguliwi,
hata kikikaa wiki kabatini,
kina kinyongo, hakisahau.
Ukilehemu, washa feni, dirisha wazi,
na usile sambusa kwa vidole vyenye risasi.
Machi, joto likitukamua,
futa jasho la viganja kabla ya kugusa kitu:
jasho ni chumvi, na chumvi ina urafiki na umeme.
Katana, mwanafunzi wangu, alikuja siku ya mvua
kandambili zinatona maji.
Nilimrudisha mlangoni. Alinuna hadi adhuhuri.
Nune tu. Mamake atamkuta mzima.

Jumanne ile mavyaa akaja dukani mwenyewe,
kompyuta ya mjukuu imefungwa ndani ya leso.
"Haifungiki," asema. "Imefura chini kama hamri."
Akanyoosha kiganja aibonyeze,
kama anavyokandamiza donge la unga.

Nilipiga ukelele ambao mke wa mwana hapigi.

Mkono ukasimama hewani.
Nikanusa: utamu wa rangi ya kucha.
Hii ni ya kubebwa, ina moyo wake wa pili,
huichomoi ukutani ukasema imelala.
Katana alishaokota bisibisi bapa, anataka kuibandua.
"Weka chini! Lete ndoo!"
Ndoo ya mchanga hukaa chini ya meza,
wateja huidhania ya kutemea.
Tukaitoa betri taratibu, kwa kipande cha plastiki,
tukaizika mchangani, tukaipeleka nje uani
mbali na mtungi wa gesi wa mama wa viazi karai.
Tukangoja.

Hakukutokea kitu.
Hakuna moshi, hakuna mlio, hata paka hakuamka.
Ndivyo ilivyo kazi yangu ikinyooka:
haina kisa cha kusimulia kwenye biriani.

Niliporudi ndani, mavyaa alikuwa ameukabili msumari.
Aliitazama pete, akazitazama bangili
alizonivisha kwa mikono yake.
Akajaribu kuivua ya kwake,
akaisokota, akaitia mate.
Miaka arubaini; nyama imeikumbatia.
Basi akaifumbata mikono yake nyuma ya buibui,
akarudi hatua mbili hadi kizingitini,
akasimama kama mtoto wa chuoni
aliyeambiwa asiguse wino.

"Haya, fundi," akasema. "Fanya kazi.
Mimi natazama tu."